Mpagazi Mmoja Mbele ya Kamera: Kuitazama The African Queen Ukiwa Lindi

Katika filamu za kale za vita ninazozipenda, ninayoiweka mbele ya zote ni The African Queen, iliyoongozwa na John Huston na kutoka mwaka 1951. Sababu ya kuipenda ndiyo hiyo hiyo inayonitatiza. Hadithi yake inatokea katika nchi yetu, enzi ilipoitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, mwezi Septemba 1914, na hata hivyo mtu aliyezaliwa na kukulia Lindi anaweza kuitazama mwanzo hadi mwisho asitambue mto hata mmoja, wala mji, wala sura ya mtu wa kwao. Vijana wengi wa huku walizifahamu filamu za vita katika vibanda umiza, ambako mtafsiri hupaza sauti juu ya milio ya bunduki na kumpa kila adui jina la utani, na katika vibanda hivyo filamu tulivu kama hii haina soko. Wanaobahatika kuiona huuliza swali moja: je, mambo haya yalitokea kweli? Jibu linahitaji kufumua nyuzi tatu zilizosukwa pamoja, yaani filamu yenyewe, riwaya iliyoizaa, na vita vilivyopiganwa kweli, ambavyo sehemu yake nzito iliangukia Lindi na Masasi.

Kwanza hadithi. Rose Sayer, anayeigizwa na Katharine Hepburn, anaishi na kaka yake mmisionari katika kijiji cha ndani kabisa. Charlie Allnut, anayeigizwa na Humphrey Bogart, ni fundi wa Kikanada mwenye boti kuukuu la mvuke liitwalo African Queen, ambalo hutumika kuleta barua na vifaa. Wajerumani wanafika, wanachoma kijiji na kuwaswaga wanakijiji. Mmisionari anapatwa na mshtuko na homa, anafariki. Charlie anamchukua Rose kwenye boti kwa nia ya kujificha hadi vita vipite, lakini Rose, baada ya kusikia kwamba ziwa lililo mwisho wa mto linalindwa na manowari ya Kijerumani iitwayo Louisa, na kwamba ndani ya boti mna baruti na mitungi ya oksijeni, anatoa wazo ambalo Charlie analiona ni wazimu mtupu: watengeneze topido kwa mikono yao, washuke mto wote, wakaizamishe manowari hiyo. Filamu yote iliyobaki ni safari hiyo ya watu wawili, mashine moja na mto.

Mto wenyewe unaitwa Ulanga, na hapo ndipo mtazamaji wa Kusini anapoanza kukunja uso. Ulanga upo kweli. Ni jina la mto ambao pia hujulikana kama Kilombero, nao hukutana na Luwegu kuunda Rufiji, ambayo huyamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, upande wa kaskazini wa Kilwa. Hauendi ziwani, na wala haukaribii. Mwandishi wa riwaya, Mwingereza C. S. Forester, aliyeichapisha mwaka 1935, alilichukua jina akaugeuza mto ukaelekea alikotaka yeye, na Huston akafuata. Sioni kosa katika hilo, kwa kuwa mtunzi ana haki ya kuchora ramani yake, ila ni vizuri tujue tangu mwanzo kwamba tumo katika nchi ya kubuni iliyovikwa majina ya kweli. Kuna kejeli ndogo hapa pia: kama Charlie na Rose wangeushuka Ulanga halisi, nao ungepitika kwa boti hadi mwisho, wangeweza kuikuta manowari ya Kijerumani kweli, maana meli ya vita Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji kuanzia mwaka 1914 hadi iliposhambuliwa na Waingereza na kuzamishwa na mabaharia wake tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake ikatolewa majini, ikakokotwa nchi kavu, na kuendelea kutumika vitani.

Mbegu ya hadithi, hata hivyo, haikutoka Rufiji bali Ziwa Tanganyika, na tukio lililoizaa linashinda riwaya kwa maajabu. Vita vilipoanza, Wajerumani walilitawala ziwa hilo kwa vyombo vichache tu, na faida yake ilikuwa kubwa: anayelishika ziwa aliweza kuvusha askari kwenda Kongo ya Wabelgiji au Rhodesia Kaskazini (Zambia ya leo) wakati wowote, na adui yake hakuweza kuja. Waingereza wakaamua kuleta maboti mawili madogo yenye mizinga, yaliyopewa majina ya Mimi na Toutou, chini ya ofisa Geoffrey Spicer-Simson. Maboti yalisafirishwa kwa meli kutoka Uingereza hadi Cape Town, yakapakiwa kwenye treni kuelekea kaskazini hadi Katanga, kisha yakavutwa porini kupita milima ya Mitumba, yakashushwa kwa mto na reli tena hadi ufuko wa magharibi wa ziwa. Tarehe 26 Desemba 1915 yaliiteka meli ya Kijerumani iitwayo Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 nyingine, Hedwig von Wissmann, ikazamishwa.

Meli kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, haikuguswa na maboti hayo. Ilikuwa imeundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikakongolewa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupanda reli ya kati hadi Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kuteremshwa majini mwezi Februari 1915. Msomaji atakuwa ameshagundua kwamba mwezi Septemba 1914, wakati Rose anapanga kuizamisha Louisa, meli kubwa ya kweli ilikuwa bado haijaelea ziwani. Julai 1916, Wajerumani walipolazimika kuiacha Kigoma, waliizamisha wenyewe, baada ya mafundi wake kuzipaka injini grisi nzito ili zisiliwe na kutu. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya ambalo kila Mtanzania analijua: Liemba. Kwa hiyo meli ambayo kwa wapenzi wa sinema ni mfano wa yule adui aliyelipuliwa, kwa watu wa Kigoma na Rukwa ilikuwa chombo cha abiria, magunia ya mchele na dagaa, kwa miongo mingi.

Ukishajua haya yote, unaweza kuuliza kwa haki: basi filamu hii ina uzuri gani, ikiwa mto si mto, ziwa si ziwa, na vita si vita? Jibu langu ni kwamba ukweli wake haumo katika ramani wala katika tarehe. Umo ndani ya boti. Sijaona filamu nyingine ya vita inayoheshimu kazi ya mikono kama hii. Filamu nyingi za aina hiyo huhesabu ushujaa kwa idadi ya maadui walioanguka. Hii huuhesabu kwa kuni zilizotiwa motoni, maji yaliyopigwa pampu, na chuma kilichonyooshwa. Boila la boti lina hitilafu: bisibisi iliangukia ndani yake, na kila presha inapozidi Charlie hulirukia na kulipiga mateke mpaka litulie. Rose anamwuliza kwa nini asiifungue na kuitoa, naye anajibu kwa maana hii, kwamba angeweza, ila anapenda kuipiga mateke, kwa sababu ndicho kitu pekee alicho nacho duniani. Nilipoitazama filamu hii mara ya mwisho nilikuwa Nyangao, mkoani Lindi, nimeketi na babu wa upande wa mke wangu, mkulima wa korosho, na sehemu hiyo ndiyo iliyomfanya ainuke kitini kwa kicheko. Mashine yake ya kupulizia salfa, alisema, haikuwahi kuwaka bila teke, na siku mjukuu mmoja alipoitengeneza ikawa haihitaji teke tena, aliona kama amenyang'anywa kitu.

Kuna pia tukio la rafadha, yaani pangaboi linalosukuma boti majini. Baada ya kuteremka maporomoko, shafti imepinda na panga moja la rafadha limevunjika. Charlie anasema safari imekwisha. Rose anauliza maswali ya mtu asiyejua ufundi, moja baada ya jingine, na kila swali linamlazimisha fundi akiri kwamba jambo linawezekana, ingawa kwa taabu. Wanapiga mbizi, wanaitoa shafti, wanawasha moto wa mkaa ufukoni, wanainyoosha, wanaunganisha panga jipya. Hakuna risasi inayolia wala adui anayeonekana, na bado mtazamaji amebana pumzi. Hapa ndipo mapenzi ya watu hawa wawili yanapokomaa kwa kweli. Kabla ya hapo Rose alikuwa ameshazimwaga mtoni chupa zote za pombe za Charlie, moja moja, bila kusema neno, naye alikuwa ameshamtukana kwa ulevi. Ni kazi inayowapatanisha, si maneno matamu. Watu wa huku wanaosema kwamba mume na mke hujuana shambani watalielewa jambo hili bila kufafanuliwa.

Uigizaji wa Hepburn una historia fupi inayofaa kutajwa. Mwanzoni aliigiza kwa ukali na uso wa kununa, kama mtu anavyomdhania binti wa misheni aliyezeeka bila kuolewa. Huston akamshauri amchukue Eleanor Roosevelt, mke wa rais wa Marekani, kuwa kielelezo, hasa tabasamu lake alipotembelea askari majeruhi hospitalini. Hepburn mwenyewe aliandika baadaye kwamba huo ulikuwa uongozaji bora kuliko wote aliowahi kuusikia. Ukiitazama filamu ukiwa umelijua jambo hili, utaona lile tabasamu la adabu likifanya kazi nzito: linaficha hofu kule kwenye maporomoko, halafu kidogo kidogo linaacha kuwa adabu na kuwa furaha. Bogart, kwa upande wake, alizoeleka kuigiza majambazi na wapelelezi wenye kofia. Hapa amevaa fulana chafu, anaigiza sauti za viboko na nyani ili kumchekesha mwanamke. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora mwaka 1952, tuzo pekee ya Oscar aliyowahi kupata. Filamu iliteuliwa pia kwa mwigizaji wa kike, uongozaji na mswada, ikakosa.

Upigaji picha ulifanyika Kongo ya Wabelgiji, kwenye mto Ruiki, na Uganda, Butiaba na Murchison Falls, wakati ambapo kamera za rangi za Technicolor zilikuwa na ukubwa wa sanduku la nguo na uzito wa kumtoa mtu jasho. Mpiga picha, Jack Cardiff, hakuweza kuingiza chombo kama hicho ndani ya boti dogo, kwa hiyo sehemu za boti ziliigizwa juu ya mashua pana iliyokokotwa mtoni. Wengi waliugua kuhara na homa, Hepburn akiwa miongoni mwao. Bogart na Huston, kwa masimulizi yao wenyewe, waliokolewa na kunywa wiski badala ya maji. Matukio ya ndani ya maji machafu, pamoja na lile la ruba, yalipigwa katika studio za London, jambo ambalo haliniudhi hata kidogo, kwa kuwa hofu usoni mwa Bogart anapopanda botini na kuona ruba wamemganda mwilini haihitaji pasipoti.

Tukio hilo la ruba, ndani ya matete, ndilo moyo wa filamu. Mto umejigawa katika vijito vingi, maji yamekuwa haba, boti limekwama. Charlie anaingia majini hadi kifuani, anashika kamba, analivuta boti hatua kwa hatua ndani ya tope. Anatoka akiwa na ruba, anatetemeka, Rose anamtoa ruba hao kwa chumvi. Kisha wote wawili wanatambua kwamba hakuna njia nyingine, naye anarudi majini. Huko kurudi kwake, akijua kinachomsubiri, ndiko ninakokuita ushujaa, na Huston anakuonyesha bila muziki wa kujisifu. Baadaye wamelala chini kwa homa, Rose ameomba dua akijua mwisho umefika, na kamera inapanda juu taratibu, juu ya matete, na kutuonyesha kile wasichokiona wao: ziwa liko mita chache tu mbele yao. Halafu mvua inanyesha mbali huko milimani, vijito vinafurika, maji yanapanda usiku, na boti linaelea lenyewe. Mtazamaji amejua kabla ya wahusika. Huo ni ustadi wa picha usiohitaji hata neno moja la mtafsiri.

Lakini ni tukio hilo hilo linaloniuma nikilitazama nikiwa Nyangao. Vita halisi vya Afrika Mashariki viliishia kuegemea huku Kusini. Mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi kilichoingilia Lindi, kikaitwa Linforce kwa jina la mji wetu, kikapanda bonde la Lukuledi kumfuata jemadari wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, hapa Mahiwa na Nyangao, pande hizo mbili zilipigana pambano lililomwaga damu kuliko mengi katika vita vyote vya Afrika Mashariki. Wapiganaji wengi walikuwa Waafrika: askari wa Kijerumani waliotoka makabila ya bara, na upande wa pili vikosi vya Nigeria pamoja na King's African Rifles. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 2,000, waliokufa na kujeruhiwa, kati ya karibu 5,000. Wajerumani karibu 500 kati ya 1,500. Mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma katika eneo la Ngomano, akaingia Msumbiji.

Jeshi hilo lilikulaje, na risasi zilifikaje? Huku hapakuwa na reli ya kufaa, na ndorobo waliwaua farasi na ng'ombe. Kila gunia la unga, kila kasha la risasi, kila machela ya mgonjwa ilibebwa kichwani na begani. Wapagazi waliotumika upande wa Waingereza, kwa jumla ya miaka yote ya vita, wanakadiriwa kufika mamia ya maelfu, na waliokufa zaidi ya 90,000, wengi wao kwa kuhara, nimonia na njaa wala si kwa risasi. Kikosi chao cha wabebaji kiliacha jina lake katika kitongoji cha Dar es Salaam walikopiga kambi, jina ambalo ulimi wetu ulilirahisisha likawa Kariakoo. Hata Mimi na Toutou hayakupanda Mitumba kwa injini peke yake; vibarua wa Kikongo walifyeka njia, wakajenga madaraja, na maji ya mitambo yakachotwa na kubebwa na watu wa vijiji vya njiani.

Basi tazama upya Charlie ndani ya matete. Maji kifuani, kamba mkononi, homa mwilini, mzigo usiokwisha, na kurudi kesho yake kuanza tena: hiyo si sura ya baharia wala ya fundi, ni sura ya mpagazi. Filamu imeyachukua mateso yaliyokuwa ya watu wengi, ikayaweka juu ya mwili wa mtu mmoja ambaye kamera ilikubali kumtazama usoni. Wapo wanaosema kwamba kwa sababu hiyo filamu itupwe, na hoja yao siidharau: baada ya dakika za mwanzo, ambapo wanakijiji wanaimba kanisani bila kuelewa na kugombania kipande cha sigara, Waafrika wanatoweka kana kwamba nchi ilikuwa tupu, wakibaki askari wachache wanaofyatua risasi kutoka ngomeni. Mimi sikubaliani na kuitupa. Sijui picha nyingine ya wakati ule iliyoonyesha kwa subira kiasi hiki jinsi kubeba na kuvuta kunavyomla mtu, na anayetaka kujua babu zetu walihisi nini katika bonde la Lukuledi atapata sehemu ya jibu mahali pasipotarajiwa, mabegani mwa Bogart.

Mwisho wa filamu ni dhaifu, na mpenzi wa kweli hana haja ya kuuficha. Dhoruba inalipindua boti, wawili hao wanakamatwa, nahodha wa Louisa anawahukumu kunyongwa, Charlie anaomba wafungishwe ndoa kwanza, nahodha anafungisha na papo hapo anaamuru kunyongwa kuendelee, kisha manowari inaligonga boti lililozama nusu, topido zinalipuka, na maharusi wanaogelea wakiimba. Ni kichekesho kizuri, lakini ni bahati tupu, baada ya saa nzima na zaidi ya kufundishwa kwamba hakuna kinachopatikana kwa bahati. Riwaya ni kali zaidi: humo topido hazifanyi kazi yoyote, na manowari inazamishwa na maboti ya kijeshi ya Waingereza, kama ilivyokuwa kwa Hedwig von Wissmann.

Babu hakujali maharusi. Wakati wao wakiogelea yeye alikuwa bado kwenye mambo ya nyuma. "Mjukuu wangu," aliniuliza, "wale vijana waliokuwa botini na huyu fundi mwanzoni kabisa, wamekwenda wapi?" Nilisema kwamba walikimbia vita vilipofika, nikaona jibu langu halimtoshi wala halinitoshi mimi. Akaniomba niirudishe filamu mwanzo. Tukawatafuta. Wapo, kwa kitambo kifupi, boti likiegeshwa ufukoni kabla kengele ya kanisa haijasahaulika masikioni, wakishughulika na chombo kwa wepesi wa watu walioizoea kazi. Babu akaniambia nisimamishe picha, akavaa miwani yake, akasogea karibu na skrini.